Kiazi cheupe kikavu na kiazi lishe chenye maji: je, shule inaweza kuvizalisha pamoja?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Ilula, mkoani Iringa. Tuna bustani ya shule yenye viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Watoto wanavila siku mbili tatu, kisha wanaviacha, wanasema vina maji kama boga. Viazi vitamu vyeupe vya huku kwetu wanavigombania kwa sababu ni vikavu na vina unga. Nilipanda marando ya aina zote mbili kwenye tuta moja nikitumaini vitachanganyika, lakini nilipovuna cheupe kilibaki cheupe na cha chungwa kilibaki cha chungwa. Nimesikia viazi vinaweza kuchavushwa kwa mkono. Je, tunaweza kuifanya kazi hiyo hapa shuleni? Na kuna mzazi ameuliza kama hiyo si GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara.

Jibu: Mwalimu, nianze na lile tuta. Marando mawili yanaweza kulala bega kwa bega msimu mzima na yasipeane chochote kupitia udongo. Kiazi ni mzizi ulionenepa wa mmea uleule uliouchomeka ardhini, kwa hiyo rando la kiazi cheupe litazaa kiazi cheupe hata ulizungushie shamba zima la viazi lishe. Kuchanganyika kunafanyika kwenye ua, na matokeo yake yanakaa ndani ya mbegu ndogo nyeusi ambayo wakulima wengi hawajawahi kuishika, kwa sababu hakuna anayeihitaji: sote tunapanda marando. Siku ukikuta kiazi cha chungwa kwenye tuta la vyeupe, aghalabu ni rando lililochanganyika wakati wa kupanda, au kiazi cha mwaka jana kilichosahaulika ardhini kikachipua.

Kuhusu kuchavusha shuleni: ndiyo, mnaweza. Mtoto wa darasa la sita akionyeshwa mara moja anaimudu kazi ya mikono. Ila kuchavusha ndiyo sehemu rahisi. Inayowashinda watu ni kuchagua: kukataa mimea mingi uliyoilea mwenyewe ili ubaki na michache. Na hapo ndipo malalamiko ya watoto wako yanapokuwa na thamani kubwa, maana wamegusa tatizo lilelile ambalo watafiti wa viazi lishe Afrika Mashariki wamehangaika nalo kwa miaka mingi.

Tatizo lenyewe ni kwamba rangi ya chungwa na ukavu havipendi kukaa kwenye kiazi kimoja. Rangi hiyo ni betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ukavu unatokana na wanga. Viazi vyeupe vyetu vingi, ukikausha gramu 100 za nyama yake mpaka maji yote yaishe, vinabakiza gramu 30 au zaidi. Aina za chungwa zilizotoka Marekani hubakiza karibu 20 tu. Wamarekani wanapenda kiazi laini, chenye majimaji na sukari nyingi. Sisi tunataka kiazi kinachomtaka mtu awe na kikombe cha chai mkononi.

Kuna utafiti uliotoka mwaka 2020 ambao ni kama ulifanywa kwa ajili ya swali lako. Watafiti walichukua Beauregard, kiazi cha chungwa kilichotolewa Louisiana mwaka 1987, wakakichavusha na kiazi kikavu chenye nyama ya rangi ya maziwa kinachopendwa sana Uganda na ambacho jina lake, amini usiamini, ni Tanzania. Walipowachunguza watoto wa wazazi hao wakakuta kwamba jeni zinazohusika na kutengeneza betakarotini na zile zinazohusika na wanga ziko jirani kwenye kromosomu, ule uzi unaobeba jeni, kiasi kwamba mara nyingi zinarithiwa pamoja. Mtoto akipata rangi nzuri ya mzazi mmoja, mara nyingi anabeba na maji yake. Kuzitenganisha kunawezekana, ila kunataka watoto wengi na uvumilivu.

Ugumu mwingine unatokana na mmea wenyewe. Binadamu ana seti mbili za kromosomu, moja ya baba na moja ya mama. Kiazi kitamu kina seti sita, kila moja ya kromosomu 15, jumla 90. Kila mbegu inayotoka kwenye ua ni mchanganyo mpya kabisa, na mbegu mbili za tunda moja zinaweza kutofautiana kama watoto wa tumbo moja: huyu mrefu, yule mfupi, mwingine hafanani na yeyote. Isitoshe, weupe una nguvu kuliko uchungwa. Ukimchavusha mweupe kwa wa chungwa, wengi wa watoto watakuwa weupe, rangi ya maziwa au njano hafifu. Wa chungwa iliyokolea watakuwa wachache. Usiposema hili kwa wanafunzi mapema, watavunjika moyo siku ya kuvuna.

Ndiyo maana nakushauri usianze na kiazi chako cha maji kama mzazi wa chungwa. Tafuta marando ya aina ya chungwa ambayo tayari ina ukavu wa kuridhisha. Uganda mwaka 2004 iliidhinisha aina mbili za asili za chungwa, Ejumula na Kakamega. Hiyo ya pili asili yake ni Kenya, na ndiyo mama wa Kabode, aina unayoisikia kwenye kampeni za viazi lishe. Ejumula ni kavu na rangi yake imekolea, ila inashambuliwa sana na virusi. Kakamega rangi yake ni hafifu zaidi lakini inavumilia. Aliyeongoza kazi hiyo Uganda, Robert Mwanga, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na Maria Andrade aliyefanya kazi kama hiyo Msumbiji, na watafiti wenzao Jan Low na Howarth Bouis. Nawataja kwa sababu wamekwisha kufanya nusu ya kazi unayotaka kuianza. Ulizia kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Uyole, Mbeya, au kupitia afisa ugani wako, ni aina zipi zinapatikana sasa na zina marando safi. Kisha kiazi chenu cheupe cha Ilula kiwe mzazi wa pili, kwa sababu kimezoea baridi na udongo wenu, na watoto wanakipenda.

Sasa tuje kwenye ua. Lina umbo la tarumbeta, jeupe au zambarau hafifu, na koo lake ni zambarau iliyokolea. Ndani kuna vijiti vitano vya kiume vyenye chavua, na katikati kijiti kimoja cha kike chenye kichwa cheupe chenye chembechembe. Linafunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limekwisha kunyauka. Jambo linalorahisisha kazi ni kwamba kiazi hakijichavushi: ua hukataa chavua yake lenyewe na ya mmea wowote wa aina ileile. Jambo linaloikwamisha ni kwamba hata aina mbili tofauti wakati mwingine hukataana, kwa kuwa ziko kwenye kundi moja la ukataaji. Huwezi kulijua hilo kwa macho. Ukichavusha maua mengi ya jozi moja na yote yakadondoka, badilisha mzazi mmoja, usiwalaumu wanafunzi.

Jioni kabla ya kuchavusha, kuanzia saa kumi hivi, pitieni mimea mkitafuta machipukizi ya maua yatakayofunguka kesho. Yanajulikana: yamerefuka, yamevimba, ncha yake imepauka na bado imejisokota. Kila moja libaneni ncha ili lisifunguke lenyewe. Kipande kifupi cha mrija wa soda kinachovishwa juu ya ncha kinatosha, au uzi laini. Fanyeni hivyo kwa maua ya mama na ya baba pia, kwa sababu nyuki huamka mapema kuliko mwanafunzi yeyote, na akishapita huwezi tena kusema chavua ni ya nani. Watafiti wengine huondoa vijiti vya kiume kwenye ua la mama kwa kibano. Kwa kuwa kiazi hakijichavushi, mimi siwasumbui wanaoanza na hatua hiyo. Mkono usiozoea huvunja kijiti cha kike.

Asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, chuma ua la baba, chana petali zake zibaki vijiti, kisha gusisha chavua kwenye kichwa cha kijiti cha kike cha ua la mama, taratibu, mpaka uone vumbi jeupe limeshika. Funga tena ua la mama. Funga kibandiko kwenye kikonyo chake: jina la mama kwanza, kisha alama ya kuzidisha, kisha jina la baba, na tarehe. Andikeni kwa penseli, maana wino wa kalamu hautafika wiki ya pili na umande wa Iringa. Chavusheni pande zote mbili, cheupe kiwe mama kwenye mimea fulani na baba kwenye mingine, kwa sababu pengine upande mmoja unakubali na mwingine unagoma.

Ndani ya siku chache utaona jibu. Kikonyo kikigeuka njano, ua linadondoka na hakuna kitu. Likishika, kitunda cha duara kinaanza kuvimba, na kitaiva baada ya wiki nne hadi sita. Kikigeuka rangi ya kahawia na kukauka, kichumeni kabla hakijapasuka. Kitunda kimoja kina nafasi ya mbegu nne tu, na kwa kawaida utakuta moja au mbili. Kwa hiyo mkitaka mbegu mia moja, hesabuni maua mengi kuliko hayo.

Kuhusu maua kutokuwepo: hili ndilo litakalokusumbua kuliko yote. Viazi huchanua zaidi siku zinapokuwa fupi na hali ya joto ikiwa ya wastani, na kuna aina ambazo hazichanui kabisa. Huku nyanda za juu mvua zinaisha Aprili au Mei, siku zinafupika kuelekea Juni, lakini usiku nao unakuwa baridi mno. Dirisha lenu ni jembamba. Pandeni marando ya wazazi Desemba au Januari, na machache yaliyokusudiwa kuchavushwa yapandishwe kwenye miti iliyosimikwa wima badala ya kuachwa yatambae. Mmea uliopandishwa huchanua zaidi na ni rahisi kuufikia. Kama Ilula ni baridi mno kwa maua, na una mwalimu mwenzio huko chini Ruaha Mbuyuni, mpe seti ya marando. Wataalamu hutumia njia nyingine ya kupandikiza kichwa cha rando juu ya shina la jamaa zake wa jenasi ya Ipomoea wenye maua mengi. Inafanya kazi vizuri, ila isubiri mpaka njia nyepesi zikishindwa.

Kuna njia ya mkato ambayo siidharau: kuwaachia nyuki. Unapanda wazazi kadhaa wazuri pamoja, mbali na viazi vingine, kisha unavuna mbegu za kila mama kivyake. Mama unamjua, baba humjui. Programu kubwa za uzalishaji zimepata aina nzuri kwa njia hiyo, kwa kuwa inatoa mbegu nyingi kwa jasho kidogo. Kwa shule ningefanya zote mbili: mkono kwa ajili ya somo na kwa jozi unayoitaka hasa, nyuki kwa ajili ya wingi.

Mbegu ina ganda gumu lisilopitisha maji. Maabara hulilainisha kwa tindikali kali ya salfuriki. Hiyo msiiguse shuleni. Chukueni kikata kucha, mkate kipande kidogo sana cha ganda upande ulio mbali na lile kovu la mbegu, au msugue kwa msasa mpaka weupe wa ndani uonekane kwa mbali. Lowekeni usiku kucha. Zilizovimba zipandwe sentimita moja hivi kwenye vikopo vya udongo mwepesi. Zisizovimba zirudishwe kwenye msasa. Majani mawili ya kwanza yatakuwa yamegawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Kuna faida moja hapa ambayo watu hawaitaji: virusi wawili wanaoungana kuleta ule ugonjwa wa majani kudumaa na kukunjamana kwa kawaida hawapiti kwenye mbegu ya ua. Miche yenu itaanza maisha ikiwa safi kuliko marando yoyote mtakayopewa.

Kila mche upeni namba. Ukirefuka, kata marando yake matatu hadi matano na uyapande kwenye tuta kama mnavyofanya siku zote, kila namba kivyake, na kibao chake. Msihukumu kwa mzizi wa mche wenyewe. Mmea uliotoka kwenye mbegu huweka mzizi tofauti na ule wa rando. Hapa ndipo kiazi kinapokuwa rahisi kuliko mahindi. Ukipenda namba 37, hakuna haja ya kuitengeneza upya kwa vizazi kadhaa: marando yake yote yatakuwa namba 37 milele. Chavusho moja likikubahatisha, kazi ya kuzalisha imekwisha, imebaki kupima.

Na kupima kwenyewe nakuomba mkufanye kwa mpangilio huu. Siku ya kuvuna, ambayo kwa baridi yenu inaweza kuwa miezi mitano, sita au zaidi baada ya kupanda, tupeni kwanza namba zote zisizozaa vizuri na zile ambazo majani yake yana madoa meusi yanayokausha shina, maana ukungu wa alternaria ndio unaosumbua maeneo ya juu. Fukusi, ambaye ni adui mkubwa kwenye ukame, chunguza mashimo yake pia. Kisha kata kiazi kimoja kimoja katikati. Cha chungwa iliyokolea kina betakarotini nyingi, cha njano hafifu kina kidogo, cheupe hakina cha maana. Jicho linatosha kwa hatua hii. Ila zambarau isikudanganye: rangi hiyo inapendeza na ina manufaa mengine, lakini si vitamini A.

Baada ya rangi, ukavu. Pima gramu 100 za vipande vyembamba, anika juani mpaka uzito usipungue tena, pima kilichobaki. Namba zenye rangi nzuri na zinazobakiza gramu 28 kwenda juu ndizo za kupelekwa jikoni. Na jikoni waonjaji wawe watoto, si walimu. Chemsha kila namba sufuria yake, maji kidogo, ganda likiwepo, kifuniko juu. Kisha mtoto aonje bila kujua namba, tena ikiwezekana bila kuona rangi. Baadhi ya programu zilichelewa kuweka ladha mbele, zikatoa aina zenye lishe nyingi ambazo walaji hawakuzipenda. Mimi naona kiazi chenye betakarotini ya wastani kinacholiwa kila siku kinamfaa mtoto kuliko chenye rangi kama karoti kinachobaki kwenye sahani.

Hesabu inaniunga mkono. Gramu 125 za kiazi lishe kizuri kilichochemshwa, yaani kiazi kidogo tu, hutosheleza mahitaji ya siku ya vitamini A ya mtoto wa chini ya miaka mitano. Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, watoto wa shule ya msingi walipewa kiasi hichohicho cha gramu 125 kwa siku 53 za masomo, na akiba yao ya vitamini A kwenye ini iliongezeka kuliko ya wenzao waliopewa viazi vyeupe. Kwa hiyo huhitaji rangi iliyopitiliza. Unahitaji kiazi kinachomalizwa, pamoja na mafuta kidogo kwenye mlo, karanga au mboga iliyoungwa, kwa sababu vitamini hiyo huhitaji mafuta ili mwili uifyonze.

Mzazi aliyeuliza kuhusu GMO mjibu hivi: mnachofanya ni kazi ya nyuki, tofauti ni kwamba ninyi mnachagua ua. Hakuna jeni inayoingizwa maabara. Kama ni mtu wa kupenda maongezi, mwongezee kwamba mwaka 2015 watafiti walichunguza viazi vitamu vinavyolimwa wakakuta ndani yake jeni za bakteria wa udongo anayeitwa Agrobacterium, zilizoingia zenyewe maelfu ya miaka iliyopita bila maabara yoyote. Babu zetu wamekula kiazi hicho wakazeeka.

Usitegemee kumpata mshindi mwaka wa kwanza. Programu za taifa huanza na maelfu ya mbegu ili kupata aina chache. Mkipata mbegu hamsini hadi mia, lengo la busara ni kupata namba mbili au tatu za njano iliyokolea zenye ukavu mzuri, kisha mwaka unaofuata hizo zenyewe ndizo ziwe wazazi, zichavushwe na Kabode au Ejumula. Kizazi cha pili ndicho kitakachokupa chungwa kavu, kama kitakupa. Tunzeni daftari moja tu, likae ofisini, liandikwe hata namba zilizotupwa na sababu yake. Walimu huhama, daftari libaki.

Na suala la kugawa. Kupanda namba zenu kwenye bustani ya shule na kula ni sawa. Lakini kabla ya kuuza marando kama aina mpya, sheria inataka ipite majaribio ya taifa chini ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ambako itaangaliwa kama ni ya kipekee, kama haibadiliki na kama inafanya vizuri sehemu mbalimbali. Mkifika na namba inayowashinda viazi vyeupe mbele ya watoto kwa misimu miwili, wapelekeeni TARI Uyole marando yake na nakala ya daftari. Wao wana mashamba ya kuijaribu. Jina la aina lisubiri hatua hiyo; kwa sasa iiteni kwa namba yake.